Pikipiki ya Mavuno

Ndiyo, mimi ndiye Tekla niliyempeleka mume wangu mnadani. Huko Tengeru wanaisimulia habari hii kila siku ya soko, na kila mmoja anatia chumvi yake, lakini wote wanaanzia pabaya. Wanaanzia pale nilipomshika Elisaria mkono wa koti nikamsimamisha katikati ya mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu. Wanacheka, wanabeba vikapu vyao, wanakwenda zao. Mimi naanzia kwenye pikipiki, kwa sababu bila ile pikipiki mume wangu asingeuzwa na mtu.

Ilikuwa BSA ya kijani, ya Mgiriki aliyekuwa na shamba la kahawa kule chini karibu na Usa. Elisaria alikuwa karani wake. Mashamba yalipotaifishwa yule Mgiriki akafunga virago, akamwachia karani wake vitu viwili: pikipiki, na koti la kaki la kuendeshea. Tangu hapo mlima huu haukuwa na gari la wagonjwa, ulikuwa na Elisaria. Alibeba kahawa za watu kwenda ushirika, akabeba maharusi, akabeba wazee waliobanwa na pumu. Mimi mwenyewe alinibeba na tumbo la Prisca, njia imejaa matope, uchungu umeshanianza, nimemng'ang'ania kiunoni huku namtukana yeye, Mgiriki na kiwanda kilichotengeneza kile kiti. Nikajifungua salama. Basi na mimi nikaipenda, nikaacha kuisema vibaya.

Sasa mnada wetu wa kanisa una mambo yake, na asiyeyajua hatanielewa. Jumapili ya mavuno kila mtu analeta alichonacho. Mwenye ndizi mshare analeta ndizi, mwenye yai analeta yai. Ibada ikiisha tunatoka nje, na mzee wa kanisa Efraimu, mwenye sauti ya kuamsha maiti, anaanza kunadi. Unanunua mkungu, halafu unapaza sauti, "Narudisha!" Mkungu unauzwa tena. Mwingine naye ananunua, anarudisha. Mkungu mmoja unazunguka mpaka Efraimu anakauka koo. Na mtu akitoa kitu chake kikubwa, kile anachokitegemea, hapo watu wanachanga, wanakinunua kwa pamoja na kumrudishia mwenyewe. Hakuna aliyetufundisha. Unakua unaona hivyo, nawe ukizeeka unatendewa hivyo.

Elisaria akaitoa BSA. Mwaka wa kwanza watu walitoa machozi. Wakachanga, kwaya na vijana na akina mama, wakainunua, Efraimu akapaza sauti kwamba inarudi kwa mwenyewe, na Elisaria akaipiga teke, ikawaka, akaizungusha kanisa huku watoto wanaikimbilia nyuma. Mwaka uliofuata akaitoa tena. Na uliofuata. Ikawa ndiyo mavuno yenyewe, watu wakingoja pikipiki zaidi ya mahubiri. Nilikuwa namwambia nyumbani, "Baba Prisca, mwaka huu si utoe hata mbuzi?" Ananijibu, "Mungu ameshaizoea." Tunacheka, tunakula loshoro yetu ya mahindi na mtindi, tunalala.

Ukaja wakati wa ruksa, kila mtu anafanya biashara yake. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda mlimani na mizani zao, ushirika ukabaki hoi. Pikipiki za Kijapani zikaingia, za zamani zikawa vyuma chakavu. Na mwaka mmoja katika wakati huo, Jumapili ya mavuno, akaja mgeni aliyealikwa atusaidie kumalizia paa la kanisa: Melkizedeki, Mchaga wa Marangu, Mlutheri mwenzetu, mwenye magari ya watalii pale mjini Arusha. Alikuwa na suti nzuri na tabasamu zuri. Shikamoo zake alizitoa kwa kila mzee bila kuruka hata mmoja. Siwezi kumsingizia kwamba hakuwa na adabu.

Elisaria aliposukuma pikipiki kuingia uwanjani, yule bwana alisimama. Akaizunguka. Akapiga goti kwenye vumbi na suti yake ile, akatoa leso yake mfukoni akafuta tangi. Mnada ukaanza, wetu wakapandisha dau kama kawaida yao, kwa makundi, wakichekeana. Melkizedeki akapandisha. Wakapandisha. Akapandisha tena, kwa upole, mpaka kwaya wakatazamana, vijana wakatazamana, na akina mama tukafungua mafundo ya kanga hakuna kitu. Efraimu akagonga meza. Tukamsubiri Melkizedeki aseme narudisha.

Akasema, "Asanteni sana, Mungu awabariki." Akaita vijana wamsaidie kuipakia kwenye pikapu.

Nasi tukapiga makofi! Jamani, tulipiga makofi. Nikikumbuka natamani kuikata mikono yangu. Kwani ilitokea vipi? Hakuna kichwa hata kimoja pale kilichofikiri kwamba mtu anaweza kununua pikipiki ya Elisaria halafu akaondoka nayo. Efraimu ndiye aliyetangulia kusema, "Anakwenda kuiosha." Neno likapita uwanja mzima: anakwenda kuiosha, anakwenda kuipaka rangi, mtaona itakavyorudi inang'aa. Elisaria mwenyewe akawaelekeza vijana pa kufunga kamba ili isikwaruzike. Mchungaji akaomba dua ya safari njema.

Tukangoja. Wiki zikapita. Ukimwuliza mtu anakwambia rangi za siku hizi zinachelewa kukauka. Elisaria akawa anakaa barazani amevaa lile koti la kaki, mkono mfukoni, anasikiliza barabarani. Mpaka Prisca, binti yetu anayesuka nywele mjini, akapanda kuja kutusalimu, akaniita kando nyuma ya migomba. "Mama, pikipiki ya baba nimeiona. Iko Olasiti, kwenye makumbusho. Imewekewa kamba."

"Makumbusho ya nini? Nani kafa?"

"Makumbusho ya pikipiki, mama. Watalii wanalipa kuingia kuziangalia."

Tulikwenda wote watatu. Melkizedeki alikuwa amechukua ghala la zamani kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, akalipaka chokaa, akatia kibao kikubwa cha Kiingereza. Ndani, loo! Sikatai, zilikuwa zinapendeza. Triumph ya askari wa vita vya zamani, Vespa ya padre, Jawa nyekundu ya bwana shamba, moja ya Kijerumani yenye kitoroli cha mtu ubavuni, na Honda ndogo ya mkunga wa Kikwe ambayo niliitambua kwa ule mkwaruzo wa ubavuni. Zote zimeng'arishwa, zimeinuliwa juu ya stendi, magurudumu hayagusi chini, mnyororo umepita huku na huku. Hazina tone la mafuta. Nilitembea katikati yake nikajikuta nanong'ona, mimi mwenye mdomo huu. BSA ilikuwa mwisho, peke yake, chini ya taa.

"Mzee, shikamoo," Melkizedeki alisema, na uso wake ulijaa furaha ya kweli. "Umekuja wakati mwafaka. Hii haiwaki! Fundi wangu ameipiga teke mpaka anachechemea. Ina siri gani?"

Elisaria alisogea karibu nayo. Akaomba apewe nafasi, mafuta kidogo, na kitambaa. Akainama upande wa pili, akafutafuta huku akitugeuzia mgongo, akainuka, akapiga teke. Ikawaka palepale. Ghala zima likajaa ule mlio. Gurudumu la nyuma likazunguka hewani, linanguruma na haliendi popote. Watalii waliokuwa kule mbele wakaja mbio, wakapiga makofi, wakapiga picha. Nilimwona Melkizedeki akiwatazama wale watalii, halafu akamtazama mume wangu, na siku hiyohiyo akampa kazi.

Mwanzoni nilisema afadhali. Mzee anapata riziki, na anakaa na pikipiki yake. Akawa anatoka alfajiri anarudi jioni. Halafu kwa sababu ni mbali akapewa chumba nyuma ya ghala, akawa anarudi Jumamosi. Halafu Jumamosi ikawa siku ya wageni wengi, tukawa tunaonana kanisani tu, baada ya ibada anapanda gari kurudi. Kahawa zikaiva zikadondoka, mimi peke yangu na kikapu changu. Nikawa naiongelesha kofia yake iliyobaki kwenye msumari. Nilikuwa mjane mwenye mume.

Siku moja nikafunga safari kwenda kumchukua. Nilimkuta ndani ya kamba. Wamemwekea kigoda pembeni ya BSA, amevaa lile koti la kaki na kofia ya ngozi ambayo si yake, mkono mfukoni, ametulia. Mzungu mmoja mwanamke alikuwa akimzunguka anamkagua, akanyoosha kidole akamgusa bega. Elisaria akapepesa macho. Yule mama akaruka nyuma, akacheka mpaka machozi, akawaita wenzake: kumbe ni mtu!

Damu ilinichemka. Nikaipita kamba, walinzi wakasema hairuhusiwi, nikawaambia wanizuie basi niwaone. "Baba Prisca, inuka twende nyumbani."

"Siwezi, Mama Prisca."

"Wamekufunga?"

"Hakuna aliyenifunga."

"Mlango ule ninaouona mimi wewe huuoni? Uko wazi, ng'ombe anaweza kupita."

Akaanza kusema polepole, macho yake kwenye tangi. "Miaka yote ile nilikuwa nampa Mungu hii pikipiki nikijua itarudi. Nilikuwa najua, Tekla. Nilikuwa nasimama pale mbele, watu wananililia, nami moyoni najua nitaiendesha kurudi nyumbani. Huko ndiko kutoa? Nilikuwa nacheza naye. Sasa amenyoosha mkono akaichukua kweli. Mimi nani niondoke niseme yameisha?"

"Aliyechukua ni Melkizedeki. Usimsingizie Mungu."

"Nitakaa hapa," akasema.

Niliona lile koti limechakaa kola, linanuka mafuta. Nikamwambia basi angalau alivue nikalifue. Alirudi nyuma kigodani kama nimemwambia avue ngozi, mkono umezama mfukoni. "Koti liache," akasema. Nikaliacha. Nikatoka nje nikalia kwa hasira kando ya barabara, magari ya watalii yananipulizia vumbi.

Sikukata tamaa upesi. Nilimwendea mchungaji. Akanisikiliza vizuri, mtu wa watu, lakini kila nilipotaja pikipiki macho yake yalipanda kwenye bati mpya zilizonunuliwa kwa mnada ule. "Mama Prisca, kilichotolewa madhabahuni kimetolewa," akasema, na nikamwona hata yeye hana pa kutokea. Nikamwendea Melkizedeki ofisini kwake. Akaniagizia soda. "Mama yangu, mimi sijamzuia mzee. Akitaka kuondoka, aondoke hata sasa hivi, na gari nitampa." Alikuwa anasema kweli! Hicho ndicho kilichonimaliza. Ningepata adui ningemkwaruza uso nikapumua. Lakini hapakuwa na adui, palikuwa na mlango wazi na mwanaume aliyekaa kigodani.

Ndipo nikamfuata Anyesi, mwenyekiti wetu wa akina mama. Tulikuwa tunachambua maharage, nikamwambia, "Mavuno yanakuja. Nataka nimtoe Elisaria."

"Umtoe wapi?"

"Nimtoe sadaka. Efraimu amnadi. Ninyi mnunue, halafu mrudishe. Si anasema Mungu amemchukulia? Haya, arudishiwe mbele ya kanisa hilohilo, kwa mnada huohuo. Atakuwa na neno gani tena?"

Anyesi alicheka mpaka akamwaga maharage. Alipoona sicheki, akaacha. "Na Melkizedeki je? Atakuwepo."

"Safari hii anajua taratibu. Na ninyi mjiandae." Wakajiandaa. Wakauza mtindi, wakauza mayai, wakaweka pamoja, na hakuna hata mmoja aliyetoa siri, jambo ambalo mlimani kwetu halijawahi kutokea.

Jumapili ya mavuno nilikwenda kanisani mikono mitupu. Watu waliniangalia. Elisaria alikuja na Melkizedeki kwenye pikapu, amevaa koti lake, akakaa upande wa wanaume bila kugeuka. Amekonda. Alikuwa mtu wa kuimba besi, lakini siku hiyo midomo ilikuwa inachezacheza tu, haitoi sauti.

Mnada ulipoanza nikangoja ndizi ziishe. Kuku wakauzwa. Kisha nikasimama, nikapita katikati ya watu, nikamshika mkono wa koti. Alidhani nataka kumsalimia. Nikamvuta mpaka mezani kwa Efraimu.

"Mama Prisca, sadaka yako iko wapi?" Efraimu akauliza.

"Ndiyo hii."

Kicheko kilichopasuka hapo sijawahi kukisikia kanisani. Mchungaji akaweka Biblia kifuani. Efraimu alinitazama usoni, akaona, maana anajua tunavyoishi, kisha sauti yake ikapanda. "Haya, haya, wapendwa! Mzee mmoja, wa Akheri asilia! Ametumika vizuri, hana kutu! Anajua hesabu, anajua kupogoa kahawa, hakoromi sana, mke mwenyewe yupo hapa shahidi!"

"Anakoroma!" nikasema, na watu wakaanguka kwa kicheko.

Elisaria hakucheka. Alikuwa amenikodolea macho, mkono mfukoni.

Akina mama wakataja dau. Kwaya, bila kujua mpango wetu, wakanogewa wakapandisha. Akina mama wakapanda juu yao. Vijana wakaingia. Anyesi akapandisha tena, akinikonyeza, na Efraimu akaanza kuhesabu, mara ya kwanza, mara ya pili, na mkono wake umeshainuka kugonga meza, nami nimeshaanza kupumua.

Melkizedeki akataja dau lake kutoka kule nyuma, kwa upole uleule.

Anyesi akaongeza. Melkizedeki akaongeza. Anyesi akafungua fundo la mwisho, wanawake wakapekua vifuani, wakapitisha noti zilizokunjwa mkono kwa mkono. Wakaongeza. Naye akaongeza. Nikamwona Anyesi ananitazama, viganja vyake vimefunguka, vitupu. Efraimu alihesabu taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia akihesabu. Ikafika mara ya tatu. Akagonga.

Uwanja mzima ukageuka kumwangalia Melkizedeki. Tukasubiri neno moja.

"Asanteni," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Kuku mmoja alikuwa analia chini ya meza, basi.

Yule bwana akatazama huku na huku, bado ana tabasamu, lakini limeanza kukauka pembeni. "Jamani, mwaka jana nilichukua mkanipigia makofi. Mwaka huu mnanitolea macho? Mimi nikinunua nachukua, mnanijua. Na mzee huyu ndiye moyo wa makumbusho yangu. Kesho nina wageni, bila yeye ile pikipiki ni chuma tu."

Yesu wangu. Ndipo nilipojua Elisaria alikuwa amebeba nini mwaka mzima, kwa sababu sasa nilikuwa nimebeba mimi. Nilisimama mbele ya kanisa nikasema namtoa, nikijua atarudi, nimeshapanga na kila kitu, nimeshamlowekea maharage ya kula jioni. Nikamtoa kwa mdomo, na mtu akamchukua kwa mkono. Nani nitamlalamikia?

Elisaria alinitazama. Akamtazama Anyesi na viganja vyake vitupu. Akanirudia mimi, na nikaona ameelewa yote.

"Bwana Melkizedeki," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kuugua. "Unajua kwa nini ile pikipiki haiwaki bila mimi?"

"Imekuzoea, mzee."

"Haina platini."

Akautoa mkono mfukoni. Nakwambia nilikuwa sijauona ule mkono ukiwa wazi tangu mwaka uliopita. Kiganjani palikuwa na kipande kidogo cha chuma, kile kinachogonganagongana ndani ya mashine kutoa cheche, kimekuwa cheusi kwa grisi na jasho.

"Bila hiki haitoi moto," akasema, na sasa alikuwa anawaambia watu wote. "Kila mwaka nilikuwa nakichomoa kabla sijaisukuma kuja kanisani. Kila mwaka. Mnanililia machozi, mimi ninacho mfukoni. Nilikuwa naogopa siku moja haitarudi. Mkinirudishia, nainama, nakirudisha, naiwasha, mnashangilia. Na kule Olasiti ni hivyohivyo, nakitia, naiwasha, nakichomoa. Mwaka mzima nakaa pale nasema Mungu ameichukua. Hajaichukua. Nimeishikilia."

Mwaka mzima! Mimi naokota kahawa peke yangu, naongea na kofia, na yeye amekalia kigoda kwa ajili ya kipande kinachopotea kwenye kiganja cha mtoto! Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, na sikujua mkono utaanza na lipi, kwa hiyo nikaifunga kifuani yote miwili.

Akakiweka mezani kwa Efraimu, kati ya mayai na malimau. "Hiki ndiyo sadaka yangu mwaka huu. Kisirudishwe. Kakichukue, Bwana Melkizedeki, fundi wako atakuonyesha pa kukiweka. Itawaka kwa mtu yeyote."

Melkizedeki alikuja mpaka mezani. Akakichukua kwa ncha za vidole, akakigeuzageuza. Suti yake ikapata doa na hakujali. "Kumbe," akasema. "Kumbe, mzee." Sijui alikuwa anafikiria nini; labda wageni wake wa kesho, labda baba yake huko Marangu. Kisha akasema kitu chini chini.

"Hatujasikia!" Efraimu akafoka.

"Namrudisha!"

Hapo vigelegele vilipanda mpaka bati mpya zikaitikia. Anyesi alinirukia shingoni. Mchungaji alifuta miwani yake. Elisaria alisimama palepale katikati ya maganda ya ndizi, mkono uko nje, anaufungua na kuufunga, hajui aupeleke wapi. Nikaushika mimi.

Tulipanda njia ya nyumbani kwa miguu. Tulipofika kwenye daraja la mfereji akasema, "Ulikuwa umepanga na akina Anyesi."

"Nilipanga."

"Ulijua nitarudi."

"Ulitaka nikutoe kweli, Baba Prisca?"

Alifikiri. Kisha kifua kikaanza kumtikisika, nikaona anacheka, anacheka ameshika ukingo wa daraja, na mimi nikacheka, na machozi yakanitoka, na mwanamke aliyekuwa anapita na majani ya ng'ombe akatusalimia kwa mashaka.

Kesho yake alilivua koti mwenyewe, akalitundika juu ya ua, akashika mkasi wa kupogolea akaingia kwenye kahawa. Prisca anasema huko Olasiti BSA sasa inawaka kwa kila mtu, hata dereva wa watalii anaipiga teke inanguruma. Sijamwambia baba yake, na yeye hajauliza. Nilichota maji, nikatia sabuni, nikalichukua lile koti. Kabla ya kulizamisha niliingiza mkono kwenye mfuko ule, nikapekua mpaka kwenye mshono. Kulikuwa na duara la grisi ambalo halitatoka kwa sabuni yoyote, na hakukuwa na kitu kingine. Nikapekua na mfuko wa pili.